"Hao ni watoto wa korona": mama wa Kayole auliza kama mwanawe arudie darasa

Swali

Mwalimu, hujambo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kayole, Nairobi, na nauza nguo za mitumba. Kijana wangu wa pili yuko Gredi ya 6 katika shule ya umma hapa mtaani. Korona ilipoingia alikuwa Gredi ya 1. Hadi leo kusoma ni shida. Anasoma neno moja moja huku akikisia, na hesabu anaziogopa kabisa. Nilipomwendea mwalimu wa darasa aliniambia, "Mama, usijali, hao ni watoto wa korona, wote wako hivyo." Wakati ule mimi nilikuwa na simu ya kabambe, ile ndogo ya kupiga na kutuma ujumbe tu, sikuweza kumpatia masomo ya WhatsApp kama wenzake, na hilo linanikereketa mpaka leo. Walimu nao walikuwa wanalipwa mshahara wakiwa nyumbani. Sasa KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa mwisho wa Gredi ya 6, inakuja. Niombe arudie darasa? Ama nitafute pesa ya tuisheni? Na je, bado kuna wakati?

Jibu

Mama, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Nianze na swali la kurudia darasa, maana hilo ndilo unaloweza kuamua kwa haraka na ukajuta.

Usimrudishe. Kwanza, shule haina ruhusa ya kumzuia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 35, inakataza mtoto kuzuiliwa darasani, ingawa najua shule nyingi humwita mzazi ofisini na "kukubaliana" naye. Pili, KPSEA si mtihani wa kuchuja. Kijana wako ataingia Gredi ya 7 hata akipata alama gani, kwa hiyo usiruhusu mtu akutishe kwa mtihani huo.

Hata kama sheria ingeruhusu, bado ningekukataza. Mtoto anayesoma neno moja moja akikisia hakukwama kwa mambo ya Gredi ya 6. Amekwama mahali fulani kati ya Gredi ya 1 na ya 3. Ukimrudisha ataketi mwaka mwingine mzima mbele ya vitabu vile vile asivyoweza kuvisoma, safari hii akiwa ndiye mkubwa darasani na marafiki zake wamevuka. Ni kumfunga bendeji mguuni mtu anayeumwa na jino.

Ili ujue jino liko wapi, tuangalie kalenda. Wazazi wengi huhesabu hasara ya korona kwa ile miezi ambayo watoto walikaa nyumbani, na hapo ndipo hesabu inapoanza kwenda mrama, kwa sababu darasa la mwanao lilipitia mambo ambayo madarasa mengine hayakupitia.

Alianza Gredi ya 1 Januari 2020. Tarehe 13 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa, Jumapili ya tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule, na Jumatatu shule za kutwa hazikufunguliwa. Mwanao alikuwa amesoma wiki kumi hivi. Mtoto wa wiki kumi katika Gredi ya 1 ameshajua kushika penseli, anaimba ba be bi bo bu pamoja na wenzake, na ndiyo kwanza anaanza kugundua kwamba silabi hizo zikiunganishwa zinasema kitu. Akakatizwa hapo hapo. Julai, Waziri George Magoha akatangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. Tarehe 12 Oktoba wakarudi Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 peke yao. Wa kwenu walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021.

Hiyo ni miezi tisa na nusu, na ni mingi. Lakini tazama kilichofuata. Gredi ya 1 aliimaliza Julai 2021. Mwezi huo huo wa Julai akaingizwa Gredi ya 2, akaimaliza Machi 2022. Aprili akawa Gredi ya 3, na Novemba akawa ameimaliza nayo. Yaani Gredi ya 2 na ya 3, madarasa ambayo mtoto wa Kenya anatakiwa atoke humo akiwa msomaji, zilibanwa ndani ya miezi kumi na sita ili kalenda irudi Januari 2023. Mwaka ambao kwa kawaida una wiki 39 za masomo ulikatwa hadi wiki 30 hivi, na mwalimu alitakiwa kumaliza mtaala. Katikati ya Gredi ya 3, Agosti 2022, shule zikafungwa tena kwa ajili ya uchaguzi mkuu. Gredi ya 4 akakutana na maandamano ya 2023, na kuna siku moja ya Julai ambapo shule za Nairobi ziliamriwa zisifunguliwe kabisa. Gredi ya 5 yakaja mafuriko ya 2024 na muhula wa pili ukacheleweshwa wiki mbili.

Kwa hiyo unapomtazama kijana wako, usimwone kama mtoto aliyekosa shule mwaka mmoja zamani. Mwone kama mtoto ambaye, tangu alipoanza kujifunza kusoma, hakuna aliyepata nafasi ya kurudi nyuma kumkamilishia.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila mzazi na mwalimu wa Nairobi aujue. Oktoba 2005 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga kaskazini mwa Pakistan. Kwa wastani watoto walikosa shule kwa wiki 14 hivi. Watafiti walipowapima miaka minne baadaye, waliwakuta watoto wa maeneo yaliyoharibiwa wako nyuma ya wenzao kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Miezi mitatu ilizaa miaka miwili! Maelezo wanayoyatoa watafiti yanaingia akilini kwa yeyote aliyewahi kushika chaki. Shule zilipofunguliwa, kitabu kiliendelea kutoka pale darasa lilipotakiwa kuwa, si pale watoto walipokuwa, na kila muhula pengo likapanuka. Jambo la pili walilolikuta linakuhusu wewe moja kwa moja. Watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza angalau shule ya msingi hawakuachwa nyuma hivyo. Mama aliyeweza kukaa na mtoto na kuona amekwama wapi aliziba pengo ambalo shule haikuliziba.

Sasa lile la simu ya kabambe. Naona ndilo linalokuumiza kuliko yote, na nataka ulitue.

Mwaka 2020 shirika la Usawa Agenda lilifuatilia ni watoto wangapi nchini walikuwa wanasoma kwa njia ya kidijitali shule zikiwa zimefungwa. Lilikuta ni takriban 22 kwa kila 100. Wewe ulikuwa pamoja na wale wengine wote. Na hao waliokuwa na simu kubwa walipata nini? Katika makundi mengi ya WhatsApp niliyoyaona, mwalimu alipiga picha kurasa za kitabu, akaandika "Fanyeni zoezi la 1 hadi 10, mnitumie majibu", mzazi akanunua bando, akasoma maswali yeye mwenyewe, akamwamuru mtoto aandike. Mtoto wa Darasa la 7 anayejua kusoma anaweza kufaidika na hilo. Mtoto wa Gredi ya 1 ambaye hajui kuunganisha "ma" na "ma" hafaidiki hata kidogo. Vipindi vya KICD, taasisi ya serikali inayoandaa mitaala, kwenye redio ya KBC na kwenye televisheni viliandaliwa kwa bidii na vilisaidia waliovisikiliza, lakini redio haimwoni mtoto akikwama wala haimsubiri. Kusoma kwa mara ya kwanza hufundishwa na mtu aliyeketi karibu nawe anayekusikiliza.

Na cha kusikitisha ni kwamba ile kabambe yako ingetosha. Nchini Botswana, wakati huo huo wa kufungwa kwa shule, watafiti walijaribu kitu rahisi: mwalimu alimpigia mzazi simu ya kawaida mara moja kwa wiki, dakika ishirini hivi, akaomba mtoto awekwe kwenye spika, akampa hesabu moja au mbili za kiwango chake na kusikiliza anavyozifanya. Kabla ya hapo alituma ujumbe mfupi wenye maswali ya wiki. Waliopata simu pamoja na ujumbe walipiga hatua inayoonekana katika hesabu, na waliopata ujumbe peke yake hawakusaidika sana. Baadaye jaribio hilo lilirudiwa katika nchi nyingine tano, Kenya na Uganda zikiwemo, na likafanya kazi tena. Ingehitaji tu mtu aamue kwamba mtoto wa Kayole anastahili kupigiwa simu. Uamuzi huo haukuwa wako, mama.

Kuhusu walimu, naomba tuzungumze kwa upole pande zote. Naelewa ulivyojisikia. Mwaka ule kulikuwa na kafyu, soko la nguo lilikuwa limekufa, Nairobi ilifungwa watu wasiingie wala wasitoke tangu tarehe 6 Aprili hadi mapema Julai, na wewe ulikuwa na watoto watatu wa kulisha. Kumwona mtu anapokea mshahara kila mwisho wa mwezi kuliuma. Ni kweli waliokuwa wameajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, walilipwa. Lakini katika shule nyingi za umma hapa mjini kuna walimu wa BOM, wale wanaolipwa kwa michango ya wazazi, na shule zilipofungwa michango ikakatika. Wa shule za binafsi wengi waliambiwa waende nyumbani bila chochote. Kuna waliouza mboga kando ya barabara na waliopanda boda boda, na baadhi yao hawakurudi darasani tena.

Halafu fikiria Januari 2021. Shule nyingi ndogo za binafsi mitaani hazikufunguliwa tena, na watoto wake wakahamia shule ya umma iliyo karibu. Madarasa ambayo tayari yalikuwa yamejaa yakafurika, watoto 70, 80 na zaidi mbele ya mwalimu mmoja. Serikali inaitumia shule ya msingi shilingi 1,420 kwa mtoto mmoja kwa mwaka mzima, na kutokana na pesa hizo sasa ilibidi pia wanunue sabuni, matangi ya maji na kipima joto. Kukaa mbalimbali hakukuwezekana, waziri mwenyewe alikubali hivyo, na shule nyingine zikatoa watoto nje wakasomee chini ya miti.

Tena kulikuwa na barakoa. Hili halizungumzwi, lakini kwa Gredi ya 1 lilikuwa na uzito. Mtoto anayejifunza sauti za herufi hutazama mdomo wa mwalimu. Tofauti ya "f" na "th", ya "m" na "n", ya "s" na "sh" huiona midomoni na menoni kabla ya kuisikia vizuri. Mwaka ule mwalimu alikuwa amefunika mdomo, na watoto 80 nao walikuwa wamefunika yao, kwa hiyo hata yeye hakuweza kuona nani anatamka kweli na nani anafuata tu mwimbo wa wenzake. Nimewaona watoto waliopita mwaka mzima kwa kuitikia pamoja na darasa, sauti kubwa kabisa, na ukimfunikia kwa kidole herufi iliyotangulia hajui inayofuata.

Kwa hiyo mwalimu wa darasa aliyekwambia "ni watoto wa korona" amesema jambo la kweli. Nisichokikubali ni lile "usijali" alilolitanguliza. Kama wote wako hivyo, basi hilo ni jambo la kufanyiwa kazi na darasa zima, na ana njia ya kulifanya, nitaifikia.

Kwanza jua mwanao amesimama wapi. Fanya hivi jioni moja mkiwa wawili, si mbele ya ndugu zake. Tafuta kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya 2. Vile vya Tusome, mpango wa serikali wa kufundisha kusoma madarasa ya chini, ni vizuri, na shule ina nakala zake, omba kuazima. Mwambie unataka akusomee hadithi, usimwambie ni mtihani. Mpe hadithi fupi ya nusu ukurasa. Akikwama usimsahihishe wala usimwambie "lakini hiyo unaijua!" Wewe sikiliza, na uandike pembeni neno alilolikosea na jinsi alivyolisoma.

Makosa yake yatakuambia mengi. Tuseme kwenye kitabu kumeandikwa "aliponitazama" naye akasoma "alipotaka". Huyo silabi anazijua. Ameona mwanzo wa neno, amechoka, mwisho wake ameubuni. Watoto wengi wa darasa lake wako hapa, na maneno marefu ya Kiswahili ndiyo yanayowaumbua. Akisoma "a-li-po" halafu akanyamaza kabisa, bado hajazoea kuunganisha. Akichanganya "nd" na "d", au "ng'" na "ng", rudi kwenye sauti zenyewe. Akisoma ukurasa wote bila kosa lakini ukimuuliza "kwa nini yule msichana alilia?" hajui, basi macho yake yanasoma bila akili kuwa pale, na dawa yake ni nyingine. Hadithi ya Gredi ya 2 ikimshinda, mpe aya fupi. Ikimshinda, mpe maneno matano. Yakimshinda, mpe silabi. Pale anapofaulu bila kutoa jasho ndipo mnapoanzia, hata kama ni pa Gredi ya 1. Ana miaka kumi na moja au kumi na mbili, hatahitaji miaka mitatu kuvuka yale ya miaka mitatu.

Anza na Kiswahili, kwa sababu lugha yetu husomwa kama inavyoandikwa na mtoto huona matunda upesi. Lakini usikae huko muhula mzima. Vitabu vyake vya sayansi, vya hesabu na vya masomo ya jamii ni vya Kiingereza, na Kiingereza kina maneno mengi ambayo hayasomeki kwa kuunganisha sauti. Akishasoma aya ya Kiswahili bila kukwama, mwongezee ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiingereza cha Tusome kila siku.

Kwa hesabu, mpe swali hili moja: 402 kutoa 178. Jibu ni 224. Kama ameandika 376, hakukisia. Kila mahali ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa: 8 kutoa 2, 7 kutoa 0, 4 kutoa 1. Maana yake hajui kwamba ile 4 ya mwanzo ni mia nne na inaweza kuvunjwa. Hilo hufundishwa katika madarasa ya chini, katika miezi ile iliyobanwa. Sehemu na desimali za Gredi ya 6 zinasimama juu yake, ndiyo maana anaziogopa. Mtoto huogopa kitu ambacho kila mtu anamwambia ni rahisi na yeye hakioni.

Wewe una bahati hapa, kwa sababu unauza mitumba. Mwulize: shati nimelinunua 70, nimeliuza 120, nimepata ngapi? Mteja amenipa mia tano, nimrudishie ngapi? Nitashangaa asipokujibu. Watoto wengi wa huku kwenu Eastlands hurudisha chenji bila kukosea na wakipewa swali hilo hilo kwenye karatasi wanaganda. Mpe noti halisi na sarafu, avunje mia kwa makumi mbele yako, kisha aandike alichofanya. Fanya hivyo siku kadhaa ndipo urudi kwenye 402 kutoa 178.

Kuhusu muda, nakuomba dakika ishirini kwa siku, siku tano za wiki. Najua unafika nyumbani jioni umechoka na bado kuna chakula cha kupika. Kusoma kwa sauti hakuhitaji uache kazi. Asome wewe ukipanga nguo au ukisonga ugali, na akisoma kitu kisicho na maana masikio yako yatakwambia. Hapo muulize tu, "Hebu rudia hapo, amesema nini?" Ukurasa mmoja arudie siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza atajikwaa, ya tatu atasoma kama anayezungumza, na kujisikia anasoma hivyo ni dawa peke yake. Mwisho akusimulie alichosoma bila kutazama kitabu, kisha umsomee maneno matano ayaandike. Siku usizoweza, kaka au dada yake mkubwa anaweza, mradi asimcheke. Vitabu vikiisha, maktaba ya kitaifa pale Buruburu si mbali na kwenu, na ile ya Makadara pia ipo. Mpeleke Jumamosi moja achague mwenyewe kitabu chembamba chenye picha, na asione aibu kwamba ni cha watoto wadogo.

Tuisheni? Inategemea. Wengi wanaofundisha tuisheni mitaani huchukua watoto kumi na watano wa Gredi ya 6 na kuwafanyisha karatasi za mitihani iliyopita. Kwa mwanao hiyo ni pesa ya bure, kwa sababu swali lenyewe hawezi kulisoma. Kabla hujalipa, muulize mwalimu huyo: "Utamsikiliza akisoma peke yake kabla ya kuanza? Utaanzia wapi ukimkuta hajui silabi?" Akikujibu kwamba atafuata mtaala wa Gredi ya 6, mshukuru uende zako. Akikubali kuanzia chini na watoto wasizidi watano, huyo anafaa hata kama ni mwanafunzi wa chuo wa hapo jirani. Na ujue kwamba tuisheni ya likizo imekatazwa na sheria ile ile niliyoitaja, kifungu cha 37. Shule isikulazimishe kuilipia.

Sasa rudi kwa mwalimu wa darasa, ukiwa na ile karatasi uliyoandika makosa yake. Usiende na lawama, nenda na karatasi. Mwambie: "Nimemsikiliza akisoma kitabu cha Gredi ya 2, amekwama hapa na hapa. Kuna wengine wangapi kama yeye?" Mwalimu ambaye kila siku anasikia tu "mtoto wangu hafanyi vizuri" ataketi wima. Kisha muulizie kama shule inaweza kutenga nusu saa, mara tatu au nne kwa wiki, watoto wa Gredi ya 4 hadi ya 6 wagawanywe kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa, kila mwalimu achukue kundi moja. Wanaojua silabi tu wakae pamoja, wanaosoma maneno pamoja, wanaosoma hadithi pamoja, halafu wapimwe kila baada ya wiki chache na kuhamishwa. Mtindo huu ulianzishwa nchini India na shirika la Pratham, umepimwa sana, na umetumika Zambia na hata hapa Kenya. Hauhitaji kompyuta wala jengo jipya. Unahitaji mwalimu mkuu akubali kubadilisha ratiba, na wazazi wanne au watano wakiuliza kwa pamoja kwenye mkutano wa wazazi huwa anakubali kwa wepesi zaidi.

Hapa ndipo linapojibiwa pia swali lako la wakati. Katika makambi ya mtindo huo, watoto wa umri wa mwanao waliokuwa wamekwama kwenye herufi wameonekana wakisoma aya baada ya wiki chache za kufundishwa kwa kiwango chao kila siku. Mtoto wa miaka kumi na miwili ana msamiati, anajua dunia, ana sababu ya kutaka kusoma. Wakati upo.

Kuna jambo moja tu la kuangalia kabla hamjaanza. Korona imekuwa jibu la kila kitu, na wapo watoto ambao tatizo lao halikuwa korona kamwe. Je, anasogeza kitabu karibu sana na uso, au anakunja macho akitazama ubao? Anauliza "nini?" mara nyingi ukimwita kutoka nyuma? Mpeleke hospitali ya umma apimwe macho na masikio. Na kama baada ya miezi miwili mitatu ya kusoma kila siku bado anasahau leo herufi alizozijua jana, mwombe mwalimu mkuu akuelekeze kwenye kituo cha EARC, vituo vya serikali vinavyowatathmini watoto wenye ugumu wa kujifunza. Huko hawamwiti mtu mjinga. Wanakwambia anajifunza vipi.

KPSEA ikifika, mwache aifanye akiwa na usingizi wa kutosha na chai tumboni, bila vitisho. Maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu, na jambo pekee ninalotaka afanye ni kusoma kila swali mwenyewe hadi mwisho wa sentensi kabla ya kutia alama. Januari akiingia Gredi ya 7 atakutana na mwalimu tofauti kwa kila somo, na hakuna hata mmoja wao atakayejua historia yake. Daftari lenu la makosa na maendeleo mpelekee mwalimu wa Kiswahili na wa hesabu wiki ya kwanza kabisa, kabla hawajamweka kwenye fungu la "wale wa nyuma", na uandike juu yake tarehe mliyoanza na kiwango mlichoanzia.